Kahawa Iliyohifadhiwa Chumbani kwa Mkwe

Siku yangu ya kwanza kazini nilifika ofisini kabla ya mwenye ufunguo. Ofisi yenyewe ilikuwa chumba kimoja pale Bukiriro, wilayani Ngara, nyuma ya ghala la chama chetu cha wakulima wa kahawa, mlango wake umeliwa na mchwa upande wa chini. Nilikuwa nimevaa shati la harusi ya kaka yangu na nimebeba vyeti vyangu vya shule kwenye mfuko wa plastiki. Meneja alipofika, mzee mfupi asiyevua koti hata jua likiwaka, vyeti hakuvitazama. Aliniuliza swali moja tu.

"Unaogopa mbwa?"

"Hapana, mzee."

"Vizuri. Mimi ninawaogopa. Leo utaenda wewe."

Hivyo ndivyo nilivyokuwa mkaguzi wa ndani wa kilimo hai, na kazi hiyo niliifanya mpaka nywele zikabadilika rangi. Mratibu wa sasa, kijana mwenye adabu, ameniomba niwaandikie nyinyi mnaoanza ili mjue wenzenu walifanyaje kazi. Nimekubali, ila nisije nikadhaniwa nimekuja kujisifu. Kuna jambo moja la kazi hii ambalo hadi leo likinijia nikiwa nakula, kijiko kinasimama. Nitalisema zamu yake ikifika.

Kwanza kazi yenyewe. Kilimo hai ni kulima bila mbolea ya chumvichumvi na bila dawa za dukani. Ardhi inalishwa samadi na mboji, yaani majani na mabaki ya shambani yaliyoozeshwa kwenye shimo. Migomba na mibuni inafunikwa matandazo, zile nyasi kavu zinazotunza unyevu na kunyima magugu nafasi. Wadudu wanafukuzwa kwa majani ya utupa, pilipili na majivu. Mnunuzi wa ng'ambo alikuwa tayari kulipa zaidi kidogo kwa kahawa ya namna hiyo, lakini maneno matupu hakuyataka, alitaka cheti. Na cheti ni cha kikundi kizima. Mtu mmoja akipulizia dawa kwenye mibuni yake kwa siri, majirani zake wote wanakosa soko msimu huo. Ndiyo maana chama kiliajiri watu kama mimi, wa kupita kaya kwa kaya kabla mkaguzi wa nje hajaja kutoka mjini.

Nyinyi leo mnazunguka shamba na simu mkononi, simu inachora ramani yenyewe. Sisi tulipima kwa kamba ya katani, na kamba ikinyeshewa inarefuka, basi ni ugomvi mtupu na wenye mashamba. Siku ile ya kwanza nilitumwa kwa mzee mmoja mwenye kibanja cha migomba na kahawa kando ya bonde. Mbwa hakuwepo. Yeye mwenyewe alitosha.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba. Umekuja kunifundisha nini?"

Nikamweleza samadi, nikamweleza matandazo, nikamweleza utupa. Alinisikiliza mpaka mwisho, amekaa juu ya kinu kilichopinduliwa.

"Baba yangu alilima hivyo hivyo," akasema. "Akaja bwana shamba akamwambia huo ni ushamba, aache. Akaacha. Sasa wewe unaniambia nirudi?"

"Ndiyo, mzee."

"Na baba yangu mtamwomba radhi lini?"

Nilirudi ofisini masikio yanawaka, nikamsimulia Meneja. Alicheka mpaka akakohoa, kisha akaniambia nizoee, kwa sababu swali hilo nitaulizwa kila kijiji. Na kweli niliulizwa. Vuguvugu letu, ambalo kwenye semina waliliita jambo jipya, kwa wazee wa Ngara lilikuwa jambo la juzi walilolazimishwa kulitupa. Tulikwenda kwao kama walimu, wakati haki ilikuwa twende tumeinamisha kichwa.

Sasa nifike kwenye stoo. Ukaguzi hauishii shambani. Unatazama mipaka, unatazama ukanda wa kinga, yaani ile safu ya miti au majani inayozuia dawa ya jirani isipeperuke kuingia. Unatazama bomba la kupulizia kama lipo, unalinusa. Halafu unaomba kuona kahawa inapohifadhiwa, maana mtu anaweza kulima vizuri mwaka mzima halafu akaweka gunia karibu na dawa ya kuhifadhia maharage, kazi yote ikaharibika hapo. Na kahawa ya watu wetu inahifadhiwa wapi? Chumbani. Gunia la kahawa kavu mwizi mmoja analiweka begani na kupotea nalo, kwa hiyo mwenye mali analala nalo. Mkaguzi wa ndani, kwa hiyo, ni mtu anayejua vyumba vya kulala vya tarafa nzima. Meneja alitufundisha: mwenye nyumba atangulie, macho yaende kwenye magunia, kitandani usitazame, nusa, andika, toka. Tulifanya hivyo, na watu walituvumilia kwa sababu walikitaka cheti.

Mke wangu Leokadia nilimpata kazini. Wengine wanapata wake kwenye harusi za watu, mimi nilimpata kando ya shimo la mboji, wakati wakulima wa Biharamulo, waliojiunga na chama chetu, walipoletwa kwetu kujifunza. Alikuwa ametumwa na mama yake kutoka Nyamigogo, na maswali aliyokuwa akiuliza yalimtoa jasho Meneja mwenyewe. Tulipooana, nilimpelekea mama mkwe wangu zawadi, na kubwa kuliko zote ilikuwa godoro nene nililolinunua Lusahunga, pale malori ya kwenda mpakani Rusumo yanaposimama na maduka yananing'iniza magodoro nje. Alilipokea kwa furaha. Kijijini wanamwita Mama Severini, kwa jina la mwanawe wa kwanza, shemeji yangu, ambaye alikuwa na nyumba yake ng'ambo ya kibanja na biashara zake huko Lusahunga.

Huyu mama alikuwa mjane, na alikuwa mkulima. Matandazo yake yalikuwa mazito kiasi kwamba ukitembea shambani husikii hatua zako. Mvua ikichelewa, kwa majirani mibuni imekunja majani, kwake imesimama. Chama kilifanya pale shamba darasa, yaani shamba la mfano ambapo wengine wanakuja kujifunza. Wageni walipotoka mbali, hata wazungu, walipelekwa kwa Mama Severini, wakalala kwake, wakapiga picha. Moja ya picha hizo, ameshika tawi la kahawa nyekundu huku anacheka, ilibandikwa ofisini kwetu, na kila niliposaini mahudhurio asubuhi nilimwona mkwe wangu.

Na kumwona kwenye picha kulitosha. Nyinyi vijana siku hizi mnakaa na wakwe kwenye kochi moja mnaangalia televisheni, sawa, zama zimebadilika. Kwetu, Wahangaza wa Ngara na Wasubi wa Biharamulo, mimi sikumpa mama mkwe mkono. Sikula naye. Nikimkuta njiani nilishuka kwenye baiskeli nikasimama pembeni nikitazama majani. Chumbani kwake? Jamani! Nyumba ikiungua utaita mtu mwingine aingie.

Meneja alipostaafu, tuliletewa bosi mpya wa cheo kipya: Mratibu. Kwao ni kusini ya mbali. Alikuwa mchapakazi, simsemi vibaya. Aliona mara moja kwamba wakaguzi tulikuwa tunakagua wajomba zetu na dada zetu, akasema hapana. Akabadilisha: wakaguzi wa Ngara waende Biharamulo, wa Biharamulo waje Ngara, mtu asikague ndugu. Mimi nikapangiwa Nyamigogo.

Nilimfuata mezani kwake. "Mratibu, kule yupo mama mkwe wangu."

Akafungua kanuni, akapitisha kidole. "Baba, mama, mtoto, ndugu wa tumbo moja. Mkwe hayumo."

"Hayumo kwa sababu aliyeandika hakudhani kuna mtu angethubutu."

"Kwetu mkwe tunakaa naye meza moja."

"Kwetu hapana, Mratibu."

"Basi mtazoea," akasema, akanipa funguo za pikipiki.

Sikuzoea, ila nilipata ujanja. Nikifika kwa mama mkwe, Severini alikuwa ananiwekea kigoda uani, mgongo wangu umeelekea nyumba. Shamba nilikagua mwenyewe, kisha yeye anayatoa magunia chumbani moja moja, ninayanusa, anayarudisha. Mama mkwe alikuwa jikoni, na kama ana neno, alimwambia Severini, na Severini aliniambia mimi, ingawa wote tulikuwa tumeshasikia. "Mwambie mkwe mwaka huu ruhuka wamepungua." "Mkwe, mama anasema ruhuka wamepungua," yaani wale wadudu wanaotoboa buni. Kwenye ripoti niliandika wazi kwamba stoo ilikaguliwa magunia yakiwa nje. Sikudanganya. Mambo yalikwenda vizuri, nami nilijiona mtu mwenye akili.

Mpaka alipokuja mkaguzi wa nje, mama wa makamo, mpole, mwenye kofia ya majani. Alizisoma ripoti zetu usiku kucha na asubuhi akachagua kwenda Nyamigogo na mimi. Njiani nilimweleza sifa za shamba. Akaniambia, "Shamba nimeshalisikia. Leo simkagui mkulima. Ninakukagua wewe unavyokagua."

Tulikuta watu wamejaa uani. Habari ya mgeni ilikuwa imesambaa, na kila aliyekuwa na mbuni alikuwa amekuja, kwa sababu mnunuzi alikuwa anasubiri kusikia kama cheti kipo. Severini akayatoa magunia kama kawaida yetu. Yule mama akayanusa, akaitikia kwa kichwa.

"Magunia nimeyaona. Sasa mkaguzi aingie aone yanapolala."

Nilimsogeza pembeni, nikamweleza. Alinisikia. Sitaki mmwone kama mtu mbaya, kwa sababu hata kwao mila hiyo ipo, alisema mwenyewe. "Lakini nikiandika kwamba mkaguzi hakuingia stoo, kikundi hiki hakina cheti mwaka huu. Niambie wewe nifanye nini."

Mkaguzi mwenzangu wa kuingia badala yangu hakuwepo. Mratibu alikuwa safarini. Niliwatazama wale watu, nao walikuwa wananitazama mimi, na wote walikuwa wameshaelewa. Mama Severini alikuwa amesimama mlangoni pa jiko. Akasema kwa sauti ya kawaida, bila kunigeukia, "Severini, mwambie mkwe kazi ni kazi." Kisha akavuta kitenge juu ya kichwa, akaingia kwenye migomba, hakuonekana tena.

Nikaingia.

Magunia yalikuwa yamekaa juu ya kichanja, hayagusi sakafu. Hapakuwa na dawa, hapakuwa na harufu, palikuwa safi kuliko stoo yoyote niliyowahi kukagua. Meneja alitufundisha kitandani tusitazame, lakini chumba kilikuwa kidogo, kitanda nilikikaribia mpaka suruali yangu ikakigusa. Kitanda cha miti. Juu yake hapakuwa na godoro. Palikuwa na nyasi kavu, zimepangwa kwa uangalifu kama anavyozipanga chini ya mibuni yake, shuka juu yake, na blanketi limekunjwa. Nyasi zimelala upande mmoja, mahali anapolala mtu.

Nilipotoka nilipita mlango wa chumba cha wageni, nao ulikuwa wazi. Godoro langu la Lusahunga lilikuwa humo. Limetandikwa shuka la maua, mto umepigwa ukakaa sawa, kwa ajili ya mkaguzi wa nje ambaye angelala pale. Ndipo nikaelewa kwamba wageni wetu wote, wale tuliowaleta msimu kwa msimu kuja kutazama kilimo hai, walikuwa wanalala juu ya godoro la mkwe wangu, na yeye hakuona sababu ya kulihamisha huku na huko, basi alikuwa ameliacha huko moja kwa moja.

"Umeona nini?" mkaguzi wa nje akaniuliza uani, kalamu mkononi.

"Magunia yapo juu ya kichanja. Hakuna dawa."

"Kingine?"

"Hakuna kingine."

Watu wakapiga makofi. Kuna mwanamke alipiga vigelegele. Nikasaini, hakuna kasoro, na cheti kikapatikana. Mama mkwe hakurudi kutoka shambani mpaka pikipiki yangu ilipoondoka.

Nyumbani, habari ilinitangulia. Leokadia alikuwa anapepeta maharage, hakuinua uso. "Ni kweli uliingia?" Nikasema ni kweli, nikamweleza ilivyokuwa. Aliendelea kupepeta, halafu akasema, "Mungu wangu. Nitamtazamaje mama?" Sikumwambia nilichokiona. Kila alipokwenda kwao alilala na mama yake chumba cha wageni, juu ya godoro, akiamini chumbani kwa mama kuna jingine. Ningeanzaje kumwambia?

Wazee wa ukweni wakaleta neno: mkwe aliyeingia pasipoingiwa alete mbuzi na pombe ya ndizi, aibu ifutwe, maisha yaendelee. Ni jambo dogo, mbuzi ni mbuzi. Lakini nilikuwa mtu wa kanuni, nikaenda kuomba ruhusa kwa Mratibu.

"Mkaguzi hampi mkulima kitu wala hapokei kitu," akasema. "Unampelekea mbuzi mkulima uliyempitisha juzi. Nikiulizwa niseme nini?"

"Useme ni mila."

"Kwenye kanuni hakuna mila. Subiri uache kazi ya ukaguzi, ndipo umpeleke hata ng'ombe."

Nikasubiri. Na hapa naomba mnisome vizuri, kwa sababu aibu ninayoizungumzia si ya kuingia chumbani. Nilipotoka kwa Mratibu nilihuzunika, ndiyo, lakini chini ya ile huzuni nilijisikia nimepona. Kanuni ilikuwa imenipa pa kujificha. Kupeleka godoro kungekuwa kutangaza kwamba nilitazama kitanda cha mkwe wangu. Kumwambia Severini kungekuwa kumvua nguo mama yake mbele yake. Kila njia niliyoifikiria ilikuwa na haya ndani yake, basi nikaiacha. Niliomba nirudishwe kukagua Ngara, nikakubaliwa. Kila nilipopita Lusahunga kwa shughuli za chama nilitazama yale magodoro yananing'inia, nikakaza macho barabarani. Leokadia aliendelea kwenda kwao peke yake, akirudi ninamuuliza mama hajambo, ananijibu hajambo. Mwanamume mzima, mwenye mshahara!

Miaka ikaenda, na kilimo hai chenyewe kikabadilika mbele yetu. Kulikuwa na kipindi cha neema, vikundi vikaongezeka, ofisi ikapata madirisha ya vioo. Kisha ikaja dawa ya magugu. Kijana anakuja na bomba mgongoni, asubuhi moja anamaliza shamba ambalo familia ingelipalilia wiki nzima, na vijana wenyewe wa kupalilia wamekwenda mijini. Ungemwambia nini mama mwenye mgongo unaouma? Nyasi za matandazo zikawa adimu kwa sababu vilima vilivyokuwa na nyasi vililimwa au vilipewa ng'ombe. Mnunuzi wetu mkubwa akahamia nchi nyingine. Vikundi vingine vikapoteza cheti, vingine vikaamua wenyewe kuacha, na sikuwalaumu.

Lakini sikubaliani na wanaosema kimekufa. Kuna utaratibu mpya ambao nimeusaidia kuanza kabla ya kuondoka: wakulima wanakaguana wenyewe, jirani kwa jirani, kwa ajili ya masoko ya hapa hapa nchini. Kinamama wanakagua stoo za kinamama. Jambo jepesi namna hiyo, na hatukulifikiria miaka yote! Mwanamke akiingia chumbani kwa mwenzake haoni haya, na akiona kitu anasema, na jioni wanakuja watatu na walichonacho. Mimi ninaamini kilimo hai kitabaki kwa watu wa namna hiyo kuliko kwetu sisi wenye pikipiki. Sisi tulijua kuuliza udongo umekula nini. Mwenye udongo tulimpiga picha tukaondoka.

Nilistaafu mwaka huu. Walinipa jembe lenye mpini uliochongwa na maneno mazuri mengi, na Mratibu wa zamani alipiga simu kunipongeza. Sikukaa wiki. Nilinunua mbuzi mkubwa, nikatafuta pombe ya ndizi ya mtu anayejua kuipika, mimi na Leokadia tukaenda Nyamigogo. Wazee wengine waliotaka yule mbuzi wameshakufa. Waliobaki walimpokea, wakasema neno fupi la kufuta aibu, wakacheka kwamba mkwe amechelewa mpaka mbuzi mwenyewe amezeeka. Kinamama wakaenda jikoni na Leokadia. Nami nikakaa kwenye kigoda uani, mgongo kwenye nyumba, kama zamani.

Nikasikia sauti nyuma yangu, mlangoni. Severini hakuwepo hapo, wala mtu yeyote wa kupokea maneno.

"Mkwe."

"Shikamoo, mama."

"Marahaba. Umeleta mbuzi wa nini?"

Maisha yangu yote hakuwahi kusema nami moja kwa moja. Nilitazama chini. "Wa ile siku, mama. Ya kuingia."

"Ya kuingia nilikuruhusu mimi mwenyewe. Ulikuwa kazini. Daktari naye anaingia."

"Ndiyo, mama."

"Uliona nilipokuwa ninalala?"

Ningeweza kusema sikuona. Kila mkwe mwenye adabu angesema hakuona. "Niliona, mama."

"Nilijua uliona. Nilirudi nikakuta nyasi za pembeni zimeanguka, nikasema mkwe kaziona, basi sawa, siku hizi mbili tatu atamtuma Leokadia na kitu, atasema ni zawadi tu. Nikangoja." Nikasikia anabadilisha mguu. "Haya, mkwe hatakiwi kuona. Na akishaona?"

Nilikuwa na kanuni mdomoni, nilikuwa na jina la Mratibu, nilikuwa na haya za Wahangaza na za Wasubi zote, na hakuna hata moja iliyotoka. Machozi yalinitoka, nikashukuru kwamba nimempa mgongo.

"Mama, kesho asubuhi nitakwenda Lusahunga," nikasema.

"La nini? Ninalo. Severini aliniletea, siku nyingi tu." Hakusema kwa hasira. Ingekuwa hasira ningeivumilia. "Kula nyama, mkwe. Umesafiri mbali."

Nikala. Waliniletea maini, heshima ya mkwe, nikayamaliza yote huku nikitazama sahani. Tulipokuwa tunarudi, Leokadia alikuwa na furaha ambayo sijaiona kwake miaka mingi, ananishika bega kwenye pikipiki, anapaza sauti kushinda upepo. Aliniuliza mama yake alisema nini pale mlangoni, maana alituona kutoka jikoni na hakuamini macho yake. Nikamwambia alisema nyama ilikuwa nzuri.